Insha Niliyoandika Mara Tatu

Mwanangu Athumani,

Utaisoma barua hii ukiwa umekwisha kuiacha Nachingwea, pengine uko melini, pengine ndani ya garimoshi refu la kwenda Mwanza. Nimeikunja katikati ya mashati yako meupe ili usiione mapema. Naiandika alasiri hii, wewe umekwenda Chinongwe kuwaaga bibi yako na mjomba wako. Shangazi yako Salima, aliyekuja kukufungia mizigo, amerudi kwake Chiola asubuhi. Nimebaki peke yangu na sanduku lako. Nimelizunguka mara kadhaa kama mtu anayetaka kulinunua.

Mambo ya blanketi, ya dawa ya homa, ya kutokaa na watu usiowajua bandarini, shangazi yako amekwisha kuyasema, na mengine ameyarudia. Mimi sitayagusa. Nataka kuzungumza nawe juu ya karatasi ile uliyonisomea juzi barazani.

Ilikuwa karatasi ya hicho chuo unachokwenda, inayowaeleza wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanatarajiwa kufanya nini katika somo la kuandika Kiingereza. Ulisoma kwa Kiingereza, kisha ukanitafsiria, nami nikakuacha utafsiri ingawa nilikuwa nimeelewa, kwa sababu nilipenda kuisikia sauti yako. Ulipofika katikati ukacheka.

"Baba, hawa watu wana kazi! Insha moja iandikwe, irudishwe, iandikwe tena, irudishwe tena. Halafu tusomeane darasani, tukosoane wenyewe kwa wenyewe. Mimi insha naandika mara moja tu, na alama napata."

Nikasema, "Haya." Kisha nikainuka kwenda kuwatazama kuku, ambao hawakuwa na shida yoyote.

Hilo "haya" limenisumbua tangu siku ile. Nilikuwa na jambo la kukueleza na halikutoka. Mimi nami niliwahi kuandika insha moja mara tatu, mwanangu, na kama nisingeiandika mara ya tatu, wewe usingelelewa katika nyumba hii.

Unajua kwamba nilikuwa karani wa stoo ya vipuri wakati wa Mpango wa Karanga wa Waingereza. Hujui kwamba nilikuwa pia mwanafunzi. Nachingwea ya wakati ule huwezi kuifikiria ukitazama hii ya sasa. Ilikuwa mahema, vibanda vya bati, na vumbi jekundu lililoingia mpaka ndani ya uji. Matrekta yalinguruma yakivuta minyororo mizito kung'oa msitu. Watu walitoka kila upande: Wamwera, Wamakua, Wayao, Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, Wazungu wa kila namna. Mtu angeweza kukaa humo mwaka mzima asiitwe kwa jina lake. Mimi niliitwa "Stoo." "Stoo, leta beringi." "Stoo, funga mlango." Jioni nilirudi kibandani, nikapika ugali wa mtu mmoja, nikala nikitazama ukuta.

Mama yako Somoe alikuwa kwao Chinongwe, na wewe ulikuwa naye. Kwanza vita vilinichukua, nikarudi, kisha karanga zikanichukua. Nilikuwa nikija mara chache, na kila nilipokuja ulikuwa umerefuka na mimi nimepungua machoni mwako.

Kulikuwa na mke wa fundi mmoja wa matrekta, Mwingereza mwembamba, shingo imeungua jua, ambaye aliwahi kuwa mwalimu kwao. Alitangaza kwamba atawafundisha makarani kuandika Kiingereza, baada ya kazi, katika banda la kulia chakula. Tulimwita Bibi Mwalimu. Hakuwa mpole. Darasa likianza alisukuma mlango, na aliyechelewa alikaa nje akisikiliza dirishani. Aliyeleta insha baada ya wakati alirudishiwa bila kusomwa. Siku ya kwanza alitutazama, makarani wa kuhesabika, kila mmoja amevaa tai, akasema: "Sikuja kuwapa maneno makubwa. Mnayo tayari, tena mengi mno."

Hatukumwelewa. Sisi tulidhani Kiingereza kizuri ni kile kinachomfanya msomaji ajisikie mdogo.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa tuandike juu ya mtu mmoja wa nyumbani kwetu. Mimi nilikuwa na kitabu nilichonunua dukani kwa Mhindi, Lindi, chenye barua na insha zilizokwisha kuandikwa, za kila shughuli. Nikatafuta, nikaona insha ya shangazi mzee. Nikainakili kwa mwandiko wangu mzuri. Nilibadili jina na mahali tu, nikaweka Salima wa Chiola, ingawa ni dada yangu.

Bibi Mwalimu akasimama mbele na karatasi mbili. Akasoma yangu: shangazi Salima, nywele za fedha, ameketi kando ya moto mkubwa wa makaa, nje theluji inaanguka polepole juu ya paa la kanisa. Kisha akasoma ya Stefano, karani wa mafuta, Mmakua wa Masasi, jirani yangu wa kibanda. Shangazi Maria, nywele za fedha, kando ya moto, theluji, paa la kanisa.

"Bwana Issa," akaniuliza, "Chiola theluji huanguka mwezi gani?"

Watu walicheka mpaka wapishi wakaja kuchungulia. Stefano naye akacheka. Mimi sikucheka. Nilikasirika njia nzima, na hasira yangu yote ilikuwa juu ya Stefano, kwamba kwa nini alinunua kitabu changu! Baadaye, nikiwa nimetulia, nilimfikiria shangazi yako Salima wa kweli, anavyopepeta mtama huku akimtukana mbuzi wa jirani, na nikaona kwamba nilikuwa nimepata nafasi ya kumweka mtu yule kwenye karatasi nikamweka bibi nisiyemjua. Karatasi yako inasema kazi iwe yako mwenyewe. Ulilipita neno hilo upesi kwa kuwa wewe si mwizi. Mimi pia sikujiona mwizi. Niliona aibu kwamba mambo yetu hayakuwa na Kiingereza chake. Aibu hiyo itakufuata huko, Athumani, ukikaa na vijana waliosoma kukushinda. Ikija, itambue.

Sasa nifike mahali pagumu.

Masika yale mtu mmoja wa Chinongwe aliyeleta ufuta sokoni alinitafuta stoo. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Bwana Issa, mkeo hajiwezi. Ni homa. Wamesema uje." Niliomba ruhusa, nikapanda lori hadi Ruangwa, na kutoka hapo nikaenda kwa miguu kwa sababu njia ilikuwa tope tupu. Nilipofika walikuwa wamekwisha kuzika. Majembe yalikuwa yameegemezwa ukutani, udongo wake bado mbichi.

Bibi yako alinishika mkono. Na wewe ukatoka ndani. Ulikuwa katika umri wa kung'oka meno ya mbele. Uliniletea kigoda, ukakifuta kwa kiganja, ukasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa."

Hukukaa. Ulisimama kwa heshima, mikono nyuma, ukaniuliza, "Utakaa siku ngapi?"

Hivyo ndivyo tunavyowafundisha watoto wetu kumwuliza mgeni. Nikakujibu, "Siku tatu." Ukaitikia kwa kichwa, ukaenda kumwambia bibi yako apike za kutosha siku tatu. Sijui kama unakumbuka. Sijawahi kukuuliza.

Nilikaa siku tatu, tukasoma hitima, nikarudi Nachingwea. Stefano alinipa pole na akanipikia juma zima, na hapo ndipo ugomvi wetu wa kitabu ulipokwisha. Jioni nilienda darasani kwa kuwa sikuweza kukaa kibandani. Kazi ya juma lile ilikuwa kuandika juu ya safari.

Nikaandika safari ile. Nilitumia Kiingereza changu chote. Niliweka mkono wa mauti usio na huruma, bonde la machozi, na mapenzi ya Mwenyezi yasiyochunguzika. Bibi Mwalimu alinirudishia, hakuna kosa hata moja lililotiwa alama. Pembeni alikuwa ameandika maswali matupu. Ulikwenda kwa nini? Nani alikuambia? Ulikuta nini?

Nikamfuata baada ya darasa. "Bibi Mwalimu, Kiingereza changu kina kosa gani?"

"Hakina kosa."

"Basi?"

"Nimesoma ukurasa mzima, Bwana Issa, na sijui kama ulikwenda kwa lori au kwa miguu. Najua mtu amekufa, lakini sijui ni nani. Alikuwa na jina?"

"Somoe."

"Liandike."

Nilimchukia, mwanangu. Nilijiambia kwamba Mzungu huyu anataka kutazama msiba wangu kama anavyotazama picha. Nilikaa juma zima nikiwa na nia ya kuacha darasa. Lakini jioni zilikuwa ndefu, nikaanza kuandika ile ya pili kwa hasira tu, kumwonyesha. Nikaandika lori. Nikaandika tope, majembe ukutani, mkono wa bibi yako, na jina la mama yako. Maneno yote yalikuwa madogo. Niliona haya kuyatazama, yalivyokuwa madogo.

Sheria yake ilikuwa kama ya karatasi yako: insha ya pili husomwa mbele ya wenzio, nao husema kinachokosekana. Nikaisoma nimesimama. Mmoja akasifu, mwingine akasema poleni. Kisha Stefano, aliyekuwa amekaa nyuma, akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Bwana Issa, si una mtoto wa kiume?"

"Ninaye."

"Katika safari hii yuko wapi?"

Nikasema kwamba ulikuwa umepelekwa kwa jirani. Sikupanga kusema hivyo, maneno yalitoka yenyewe. Stefano akanitazama, akasema, "Ahaa," akashusha mkono. Bibi Mwalimu aliniambia tu kwamba nina nafasi ya kuiandika mara moja zaidi.

Jumapili watu walipokwenda kanisani na wengine kunywa, nilifungua stoo, nikakaa juu ya masanduku ya vipuri, mchana kweupe, mlango wazi. Nikaandika kwamba mwanangu aliniletea kigoda na akaniuliza nitakaa siku ngapi. Kwa Kiingereza ni sentensi fupi, hata mtoto wa darasa la chini angeiandika. Ilinichukua mchana wote. Kila nilipoifikia nilizunguka, nikaeleza mvua, nikaeleza njia, nikarudi. Ilipokaa kwenye karatasi sikuweza tena kufanya kama sikuisikia. Ilinitazama kwa maandishi yangu mwenyewe.

Nilifunga stoo, nikaenda kwa Stefano, nikamwambia, "Nakwenda kumchukua mtoto." Akasema, "Nenda. Kibanda nitakisafisha mimi."

Kwetu mtoto ni wa ujombani, unajua hilo kuliko mimi. Nilimkuta mjomba wako Bakari anashona mkeka nje.

"Karibu, shemeji. Umekuja mapema, arobaini bado."

"Nimekuja kwa ajili ya mtoto."

Hakuinua macho. "Mtoto wa dada yangu yuko kwao."

Nikaanza kusema kama nilivyojiandaa njiani. Kwamba Nachingwea inakuwa mji, shule ipo, daktari yupo, ulimwengu unabadilika, mtoto wa kisasa anahitaji msingi. Bakari alishona. Nilipomaliza akasema, "Shule hata Ruangwa ipo." Na kweli ipo.

Niliona kwamba nilikuwa nimefanya tena kile kile nilichofanya nilipoiandika insha ya safari mara ya kwanza. Nikamwambia, "Shemeji, siku ya msiba mtoto yule alinipa kigoda akaniuliza nitakaa siku ngapi. Sina hoja nyingine. Ni hiyo tu."

Mkono wake ukasimama. "Alikuuliza hivyo?"

"Ndiyo."

"Ukamjibu nini?"

"Siku tatu."

Aliutazama ua. Wewe ulikuwa unafukuza kuku kwenye ufuta. Kisha akasema, "Mchukue. Lakini kila mavuno aje, mama amwone." Na ndiyo sababu kila mavuno nilikupeleka, hata miaka ile uliyolia hutaki kwenda, na miaka ile uliyolia hutaki kurudi.

Hukunizoea upesi. Kwa miezi ulilala umeugeukia ukuta. Ulimzoea Stefano kabla yangu, kwa sababu alikuwa na baiskeli. Siku moja uliniita "baba" ukiwa umekosea, ulitaka kumwita yeye, na sote watatu tukafanya kama hatukusikia. Mpango wa Karanga ukaja ukafa. Matrekta yakaondolewa, mahema yakakunjwa, Stefano akarudi Masasi, Bibi Mwalimu na mumewe wakapakia vitu vyao katika lori. Aliniaga kwa mkono, akasema, "Endelea kuandika." Sikuendelea. Niliwaandikia watu barua za kuomba kazi, zenye heshima nyingi na bila mtu ndani yake, kwa kuwa ndizo walizozitaka. Insha yenyewe ilipotea vibanda vilipobomolewa. Sikuitafuta sana, nilikuwa nimekupata wewe.

Kuna jambo moja juu ya insha ile ambalo sikumwambia mtu. Niliiandika kwa lugha ambayo mama yako hakuijua. Bibi yako asingeweza kuisoma, wala Bakari, wala wewe kwa wakati ule. Jambo la kweli kuliko yote niliyowahi kuandika juu ya Chinongwe hakuna mtu wa Chinongwe aliyelisoma. Nilipokuwa nikirudi kibandani jioni ile nilijiona kama mtu aliyepiga kelele akiwa ndani ya maji. Utaujua upweke huo, tena wewe zaidi yangu, kwa sababu utakwenda mbali zaidi katika lugha ile. Sijui dawa yake. Nakwambia tu kwamba upo, ili siku utakapokukuta usidhani umeharibikiwa na kitu.

Na katika kila utakachoandika kutakuwa na mtu uliyemwacha nje. Hutajua kwamba umemwacha. Utakuwa na sababu nzuri: insha ni ndefu, hahusiki, alikuwa kwa jirani. Kisha mwenzako mmoja, pengine yule usiyempenda, atainua mkono akuulize yuko wapi. Utamchukia siku hiyo. Msikilize hivyo hivyo, huku unamchukia. Alama utapata, hilo nalijua, kichwa unacho. Lakini utakapoona insha imetoka vizuri mara ya kwanza, bila kuuma popote, ichunguze.

Jua linazama na sijawasha taa. Ulipokuwa sekondari nilihesabu likizo, garimoshi lilikurudisha. Safari hii ni mwaka mzima, na baada ya mwaka atarudi mtu mwingine aliyevaa viatu vyako. Nitamkaribisha. Sitamwuliza maswali mengi siku ya kwanza.

Utakaponiandikia, usianze kwamba wewe ni mzima wa afya na hofu yako ni juu yangu. Nimeandikia watu barua za namna hiyo mamia, najua hazina kitu. Ukiwa na njaa, andika una njaa. Ukilala umeugeukia ukuta, niandikie ukuta huo una rangi gani. Mimi nitakuandikia kama ugali wa jioni ulibaki.

Hapa nilikuwa nimeandika kwamba nafurahi sana unakwenda. Nimesoma tena, nimekata mstari. Nafurahi, na pia sitaki uende. Nilijaribu kuchagua moja ili barua iishe vizuri, nikashindwa. Chukua yote mawili.

Baba yako,
Issa